Miti ya bustani ya mtaa wetu hapa Tanga imepigwa msalaba mwekundu: tufanye nini kabla haijakatwa?

MKAZI WA MJINI aliuliza:

Assalaam aleikum na habari za wakati huu, ndugu zangu wa Tanga na wote mnaopita hapa. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya kazi za mipango miji, misitu au serikali za mitaa, kwa sababu jambo lenyewe lina haraka na sisi wakazi tumekwisha kugawanyika kabla hata ya kulielewa.

Katika mtaa wetu kuna eneo la wazi ambalo tangu utoto wetu tunaliita bustani, ingawa halina hadhi ya Bustani ya Jamhuri wala ya Uhuru. Uzio wake ulikwisha kuoza, na viti vya saruji vilivyobaki vimemomonyoka hadi nondo zinaonekana. Kinachofanya paitwe bustani ni miti. Ipo miembe miwili mikubwa, mikungu kadhaa, miarobaini, mijohoro iliyopandwa kwa mstari kando ya barabara, na mkrismasi mmoja ambao kila ifikapo Novemba huchanua mwekundu mtupu. Chini yake kuna kijiwe cha bodaboda, muuza kahawa na kashata, wazee wa bao, na wanafunzi wanaosubiri daladala. Msimu wa kaskazi, jua la saa nane linapowaka, sijui mahali pengine karibu ambapo mtu anaweza kupumzika bila kulazimika kununua kitu.

Juzi walifika vijana wenye kopo la rangi wakachora msalaba kwenye mashina karibu yote. Walipoulizwa, walisema wametumwa tu na mkandarasi, na kwamba bustani itajengwa upya: njia za matofali ya saruji, taa za sola, vyoo, bembea za watoto, kibanda cha vinywaji na maegesho ya magari. Balozi wetu hajui lolote. Mwenyekiti wa mtaa anasema habari za mradi alizisikia kwa mdomo, lakini mchoro hajauona. Baadhi ya majirani wamefurahi, na siwalaumu, kwani bustani ikiboreshwa faida ni yetu sote. Ninachotaka kujua ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuamua miti hii ikatwe, kama sisi wakazi tulipaswa kuulizwa, na kama kweli haiwezekani kujenga njia na taa bila kuangusha kila kilichosimama.

MPIMAJI MSTAAFU alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimetumikia idara za ardhi na mipango miji katika mikoa mbalimbali hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitakueleza utaratibu jinsi ninavyoufahamu.

Kabla ya miti, ulizeni habari za ardhi. Eneo la wazi lililopangwa mjini huwa na mchoro wa mipango miji, ule ambao ofisini huitwa mchoro wa TP, na ndani yake ndimo mlimoandikwa kama eneo hilo ni bustani, uwanja wa michezo au kitu kingine. Matumizi hayo yanasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na hayabadilishwi kwa neno la mkandarasi wala la mtu mmoja ofisini. Kama mchoro unasema bustani, basi njia, taa, vyoo na bembea havigombani nao. Hivyo ni vitu vya bustani. Lakini maegesho ya magari na kibanda cha biashara vinahitaji maelezo, na mimi binafsi ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko msumeno. Kibanda huanza na friji moja. Baadaye hufuata turubai, kisha ukuta mfupi, kisha mlango wenye kufuli, na mwishowe raia hununua soda ili apate kukaa mahali palipokuwa pake. Mti uliokatwa unaweza kupandwa tena, lakini eneo la wazi likishaliwa halirudi, kwa hiyo msiweke macho yenu yote juu ya matawi.

La pili ni taarifa. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua haki ya raia kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuiomba: unaandika ombi, na ofisi yenye taarifa inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ombeni mchoro wa TP, mchoro wa mradi wenyewe, na orodha ya miti itakayoondolewa pamoja na sababu ya kila mmoja. Sasa, siku 30 ni nyingi mno kwa msumeno wa mnyororo unaoweza kumaliza mwembe kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana barua ya ombi isiende peke yake, bali iandamane na nyingine inayoomba ukataji usimame hadi mkutano wa wakazi wa mtaa ufanyike na mchoro ubandikwe mahali pa wazi. Barua zipite kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na nakala ziende kwa mtendaji wa kata, diwani, afisa mazingira na mkurugenzi. Nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana bila muhuri huo mtaambiwa hakuna kilichofika.

Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, ambayo mwanzoni kabisa inasema kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Si kila mradi wa bustani unalazimika kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, kwa kuwa hilo hutegemea aina na ukubwa wake, lakini ulizeni kwa maandishi kama ilifanyika. Kama ilihitajika, maoni yenu yalikuwa sehemu yake na si hisani ya mtu. Na ikiwa bustani yenu iko upande wa baharini, pimeni umbali hadi majini, kwa sababu sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Msianze na waandishi wa habari. Wana wakati wao, nao ni baada ya barua kupuuzwa.

MAMA WA ZAMU YA USIKU alijibu:

Nadhani naifahamu bustani hiyo, na kama ndiyo, napita hapo kila nikitoka kazini saa tatu usiku. Nitasema jambo ambalo pengine halitawapendeza wengi hapa.

Wanaokililia kivuli ni wale wanaokaa chini yake mchana. Sisi tunaopita usiku hatujaulizwa na mkandarasi, na wala hatujaulizwa na wazee wa bao. Matawi ya mikungu yameshuka hadi usawa wa kichwa, mashina ya miembe ni mapana kiasi cha kumficha mtu mzima, na taa ya barabarani iliyo karibu mwanga wake wote unaishia juu ya majani. Nimenyang'anywa mkoba hapo, na jirani yangu alinyang'anywa simu. Masika ikianza, majani ya mikungu, ambayo kila moja ni pana kama kiganja cha mwanamume, huziba mtaro na maji hujaa hadi barazani kwangu. Sitaji kunguru na kelele zao za alfajiri.

Tena, mwaka jana tawi la mwarobaini lilidondoka juu ya pikipiki iliyoegeshwa, na kama kijana mwenyewe angekuwa amekaa juu yake leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mimi si adui wa miti. Nimepanda mstafeli na mpera uani kwangu. Lakini mkienda mkutanoni mkasema tu kwamba miti ibaki kama ilivyo, hesabuni kwamba kura yangu na za wanawake wengi wa upande wetu hamna.

BWANA MITI alijibu:

Mama wa Zamu ya Usiku amesema kweli tupu, na utetezi wowote wa miti usiomjibu yeye utaanguka mkutanoni mbele ya macho yenu. Mimi nimefanya kazi ya misitu, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa huko Muheza na Amani, na baadaye nikawa nashauri watu wenye miti karibu na nyumba. Nitazungumzia hayo ninayoyajua.

Kwanza, nahisi misalaba hiyo haikuchorwa kwa sababu ya njia wala ya bembea, bali kwa sababu ya taa. Taa ya sola hubeba bamba lake juu ya nguzo, na bamba lililo chini ya mwembe halipati jua la kutosha kuchaji betri. Mchoraji aliyekaa mbali huziweka nguzo kwa umbali sawa kwenye karatasi, kisha kila mti unaotia kivuli kwenye nguzo anaupiga mstari. Hapo mti umeonewa, kwa kuwa kosa ni la kuchagua aina ya taa. Pakiwa na kivuli kizito, taa za umeme wa kawaida kwenye nguzo fupi, chini ya usawa wa matawi, humulika njia vizuri zaidi kuliko taa ndefu inayomulika majani kwa juu. Zile za sola zinaweza kuwekwa kwenye nafasi zilizo wazi na pembezoni. Hilo ni swali halali kabisa la kumuuliza mhandisi mbele ya watu.

Pili, kuna kupogoa na kuna kukata kichwa, na mafundi wengi wa mitaani hufanya la pili wakidhani ni la kwanza. Kinachotakiwa hapo ni kuondoa matawi ya chini hadi juu kabisa ya kichwa cha mtu mrefu, ili anayepita aone mbele na aonekane, na kutoa matawi makavu yote. Tawi hukatwa karibu na shina lakini pasipo kukichubua kile kivimbe kilichopo tawi linapoanzia, kwa sababu humo ndimo mti unamoanzia kuziba kidonda chake. Ukiukata mti kichwa chote, miaka miwili baadaye utakuwa umeota vichipukizi virefu vilivyoshikilia juujuu tu, na hivyo ndivyo huanguka juu ya pikipiki. Sishangai kama ule mwarobaini uliwahi kukatwa kichwa kupisha nyaya za umeme.

Tatu, na hapa naomba msomaji asiniharakishe: mizizi. Watu hudhani mti umejichimbia chini sana kama nguzo. Sehemu kubwa ya mizizi inayoulisha mti iko katika udongo wa juu, kina kisichozidi sana nusu mita, nayo husambaa kwa mapana hadi kuvuka kivuli cha matawi. Kwa hiyo mkandarasi anaweza asiguse msumeno hata kidogo na bado akaua bustani nzima. Akipitisha mtaro wa nyaya kwa mashine upande mmoja wa mwembe, atakata mizizi ya upande huo. Mti utaendelea kuwa kijani, watu watampongeza, kisha upepo wa msimu mmojawapo utauangusha kuelekea upande ambao mizizi haijaguswa, na lawama itakuwa ya mti. Akimwaga zege au kupanga matofali hadi kwenye shina, maji na hewa havitapenya, na mti utakauka polepole kuanzia nchani. Tiba yake si ya gharama. Njia ipinde kulikwepa shina, mtaro uchimbwe kwa jembe na sururu na kuchepushwa mbali kadiri inavyowezekana, matofali yalazwe juu ya mchanga bila saruji, na pembezoni mwa kila shina ubaki mduara wa udongo wazi wa kama mita mbili kila upande. Mduara huo ukizungushiwa ukingo mfupi unakuwa kiti, na wazee wa bao watashukuru.

Nne, siyo kila mti hapo unastahili kubaki. Nendeni nao mmoja mmoja. Andikeni aina yake, mzingo wa shina kwa kipimo cha urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na hali yake, kisha pigeni picha. Gongeni shina kwa nyundo ya mbao; penye uwazi ndani husikika tofauti, kama mlango. Angalieni uyoga mgumu unaoota kwenye kitako cha shina, udongo ulionyanyuka na kupasuka upande mmoja, mchwa waliopanda hadi kwenye matawi, na ufa pale mashina mawili yanapoachana. Mti wenye dalili mbili au tatu kati ya hizo, ulio juu ya kijiwe cha watu, mimi mwenyewe ningeukata. Kama mna mwembe wenye tundu, chunguzeni pia nyuki kabla fundi hajapanda, na mfanye hivyo jioni. Hapa Tanga tuna historia: Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilipojaribu kuuteka mji huu, nyuki waliochokozwa walitoka wakawashambulia askari, na hadi leo Waingereza wenyewe huyaita mapigano hayo kwa jina la nyuki.

KIJANA WA CHUMBAGENI alijibu:

Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza kwa heshima: mijohoro na miarobaini si miti ya asili ya kwetu, na mkrismasi nao ni wa kigeni. Je, si afadhali iondolewe yote, ipandwe miti ya asili ya pwani kama mkwaju na mbambakofi, hasa kwa kuwa kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka na miche ipo?

BWANA MITI alijibu:

Marahaba, mwanangu. Ni kweli mwarobaini na mjohoro asili yake ni Asia, na mkrismasi ulitoka Madagaska. Lakini mwembe nao ulitoka Asia, na sijaona mtu wa Tanga akikataa embe kwa sababu hiyo. Katika msitu wa asili suala la ugeni ni zito, na huko Amani nimeona miti ya kigeni, iliyopandwa katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ikihamia msituni na kusumbua. Bustani ya mjini ni habari nyingine. Hapa mti unapimwa kwa kivuli, usalama na mahali uliposimama.

Kuhusu miche, panda mbambakofi leo, nami nitafurahi, ila ujue kwamba hukua taratibu sana na sisi wenye mvi hatutakaa chini yake. Lengo la miti 1,500,000 huhesabu miche iliyotiwa ardhini. Halihesabu iliyofika msimu wa pili baada ya mbuzi na kiangazi kupita, wala halimpunguzii mtu alama kwa mwembe uliokatwa. Mpango mzuri ni kupanda miti ya asili kwenye mapengo sasa hivi, chini ya ulinzi wa ile iliyopo, ili ya zamani itakapochoka mipya iwe imesimama.

MKAZI WA MJINI alijibu:

Nawashukuru sana nyote, na Mama wa Zamu ya Usiku nakushukuru kuliko wengine, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuandika barua ambayo haikutaja giza hata mara moja.

Hatua iliyofikiwa ni hii. Mwenyekiti amekubali kuitisha mkutano wa mtaa, na tumekubaliana kuorodhesha miti kama Bwana Miti alivyoelekeza. Mwalimu wa shule ya jirani ataleta wanafunzi wa klabu ya mazingira wenye futi kamba. Nimezunguka mwenyewe jana jioni kwa nyundo. Mwembe mmoja ni mzima kabisa. Wa pili, ule ulio juu ya kijiwe cha bodaboda, una tundu kubwa upande wa mashariki na uyoga kwenye kitako, na vijana wa kijiwe ndio wanaoutetea kwa sauti kubwa zaidi. Bado nina swali moja kwa Mpimaji Mstaafu. Wenzangu wengine wanataka barua iseme kwamba tunaupinga mradi wote hadi tutakapoonyeshwa nyaraka. Wewe unaonaje?

MPIMAJI MSTAAFU alijibu:

Msiandike hivyo. Barua ya kupinga mradi wote humpa ofisa njia nyepesi ya kusema kwamba wakazi hawataki maendeleo, na fedha zikihamishiwa kata nyingine mtabaki na giza lenu, mitaro yenu na lawama. Andikeni kwamba mnaukubali mradi, mnaomba ukataji usimame, na mnaambatisha orodha yenu ya miti: huu ubaki, huu upogolewe, huu ukatwe. Mwembe wenye tundu uwekeni wazi katika orodha ya kukatwa, hata kama vijana watanuna. Orodha inayokubali kupoteza kitu inaaminika. Maegesho yakataeni kwa aya yake peke yake, na kuhusu kibanda ombeni masharti ya mkataba wake yasomwe mkutanoni: ukubwa wake, muda wake, na nani atapokea kodi.

Kitu kimoja zaidi. Mkandarasi naye hufuata mchoro aliopewa, na kuubadili katikati ya kazi humgharimu. Mwiteni mkutanoni kabla hajaleta mitambo.

MAMA WA ZAMU YA USIKU alijibu:

Hiyo naweza kuitia sahihi, kwa masharti mawili. Aya ya kwanza iwe ya taa na matawi ya chini, miti ifuate baadaye. Na mkutano usiwekwe saa nne asubuhi siku ya kazi, kama ilivyo desturi, maana hapo watafika walewale wa bao. Uwekwe Jumapili baada ya alasiri, nami nitawaleta wanawake wa zamu yangu.